Mraba Nyuma ya Zizi

Wapo watu waliozaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kiti. Kiti chenyewe kipo barazani, mbele ya cherehani, na kutoka hapo naona karibu kila ninachohitaji kukiona: njia inayoshuka mtoni, zizi la ng'ombe wetu, jiko la mama yangu, na migomba ambayo kila nikiinua kichwa kutoka kwenye sare za shule ninazoshona, naikuta palepale. Hilo hunituliza. Mke wangu, ambaye hutoka alfajiri kupeleka ndizi soko la Kwa Mrombo na kurudi jioni na habari za mji mzima, huwaambia wateja wake kwamba nyumbani ameacha mume aliyepandwa. "Nikimhamisha kutoka barazani mpaka jikoni," huwaambia, "itabidi nimmwagilie mpaka ashike."

Sijawahi kumbishia. Kubishana naye kungenilazimu kumfuata sokoni.

Shamba letu hapa Akheri ni la kawaida. Migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kwenye unyevu, masale mpakani, mringaringa mmoja mkubwa alioupanda marehemu baba, na chini ya vyote hivyo majani ambayo sikuwahi kuyauliza majina. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na biolojia nilifaulu kwa alama ambayo mama hadi leo anasema ilikuwa ya huruma. Kwa hiyo binti mmoja wa chuo kikuu alipokuja kupanga chumba alichokiacha dada yangu alipoolewa, akasema anasoma mambo ya mimea, nilikaa kimya ili asinigundue mapema.

Alikuwa mtoto wa Kibosho, Mkatoliki, mrefu, mwenye kofia ya jua iliyomfanya mama adhani ni mtalii mpaka alipopiga magoti kidogo na kusema shikamoo bibi. Mama akamuuliza kama yeye ni daktari wa mazao, maana mibuni yetu inakauka ncha. Akajibu hapana, yeye hatibu, anahesabu tu mimea ipi inaishi na ipi, na kwa nini. Mama akanigeukia na kunitazama kwa muda. Nilielewa: amepata mtu wa pili asiye na kazi.

Lakini kazi alikuwa nayo, na ya miguu hasa. Alikuwa amechagua mashamba kuanzia tambarare chini ya barabara ya lami, akapanda nayo kupitia kwetu, kupitia Nkoaranga, mpaka shamba la mwisho linalopakana na msitu wa Mlima Meru. Katika kila shamba alipiga vigingi vinne, akazungusha kamba, akapata mraba wa mita moja kila upande. Ndani ya huo mraba alitazama kila jani kana kwamba limemkosea. Kisha akapima kipande kikubwa kuzunguka mraba, kisha shamba lote. Kwetu aliweka miraba mitatu: nyuma ya zizi, chini ya mringaringa, na kando ya njia ya kushuka mtoni.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjinga, kwa nini ahangaike na mraba, halafu shamba, halafu mlima mzima. Si angepima mlima akamaliza.

Akaniuliza kama nimewahi kualikwa harusini. Nikasema kualikwa nimealikwa, kwenda ndiyo mara chache. Basi, akasema, kwenye meza moja ya harusi, nani anakaa na nani? Nikamwambia hiyo inategemea: mashemeji walionuniana hawakai pamoja, mwenye mtoto mchanga anataka karibu na mlango, na mjomba wetu mmoja mnene akishakaa, viti viwili vimeisha. Na ukumbi mzima? Hapo ni kadi, nikasema, asiye na kadi hayumo. Na wilaya nzima, watu waliomo? Nikafikiri kidogo, nikasema hayo sasa ni mambo ya mvua na ardhi, na babu zetu waliamua kukaa wapi.

"Kaka, hayo ndiyo masomo yangu," akasema. "Wewe umeyamaliza ukiwa umekaa."

Akanieleza polepole. Ndani ya mraba mdogo, mimea inabanana: mwenye kivuli kikubwa anamnyima mwenzake jua, mwenye mizizi ya haraka anakunywa kwanza. Ukipanuka mpaka shamba zima, jembe ndilo linaloamua, na jirani aliyekupa mche. Ukipanuka mpaka mlima, mvua na baridi ndio wenye kadi. Yeye alitaka kujua ni kipi kinasema kwa sauti kubwa zaidi ukisimama wapi. Mtu anayetazama kwa karibu sana anaona ugomvi tu, na anayetazama kwa mbali sana anaona hali ya hewa tu, na wote wawili hawajadanganya.

Mke wangu alisikiliza yote hayo akimenya ndizi, akasema amefurahi kupata mtu wa kumweleza mumewe kwamba kuna kitu baada ya mpaka wa shamba.

Kipimo cha kwanza alikuwa amekifanya kabla ya masika. Kilichobaki ni kupima tena mvua zikielekea mwisho, aone nini kimebadilika. Bila kipimo hicho cha pili hana kitu. Na baba yake, mfanyabiashara wa vipuri vya magari mjini Arusha, alikuwa amechoka kusubiri: mwaka huu ukiisha bila shahada, binti arudi akae kaunta. Alituambia hayo akicheka, tukiwa tunakula, lakini niliona mkono wake umeacha kwenda kwenye sahani.

Mvua zilipoanza kupungua alikwenda chuoni kwa siku chache kuonana na msimamizi wake. Kabla ya kuondoka aliandika tangazo, na kwa kuwa Wakatoliki huku kwetu ni wachache, akampa mzee wa kanisa letu la Kilutheri alisome Jumapili. Nilikuwepo, maana kanisani hata mimi nafika. Lilisomwa vizuri, neno kwa neno: mtafiti atapita wiki ijayo kwenye mashamba yenye miraba, na wenye mashamba wanaombwa wasiguse chochote kilicho ndani ya kamba. Mashamba ya juu na ya chini yalipata tangazo hilohilo kwa wazee wao. Hakuna aliyeelewa vibaya. Shida ni kwamba huku kwetu, sentensi ikishakuwa na mgeni ndani yake, sehemu ya pili huwa haina kazi.

Jumamosi asubuhi nikiwa kwenye cherehani nilisikia mapanga ng'ambo ya bonde. Halafu na upande wa juu. Nilidhani watu wana bidii ya msimu. Kisha nikamwona mama anapita na panga lake na ufagio wa matawi, anaelekea nyuma ya zizi. Nikamwita. Nikamkumbusha kwamba kule kuna mraba wa mwanafunzi, na tangazo alilisikia.

"Nimelisikia," akasema. "Ndiyo maana naanza na huo."

Nikajaribu kueleza. Akaniuliza kama ningetaka mtoto wa watu aje akute magugu yamefika magotini, aende akasimulie Kibosho kwamba Wameru tunalala na nyoka. Akafyeka mraba wa zizini, akafyeka wa chini ya mringaringa, akafyeka wa kando ya njia. Alipomaliza kufyeka akang'oa visiki vya majani, akafagia, na mwisho akanyunyiza majivu ya jikoni kwa ajili ya siafu. Kamba hakuigusa hata kidogo. Kamba ilibaki imenyooka, vigingi vimesimama, na katikati udongo mweupe kama kipara.

Binti alirudi Jumatatu. Alipita zizini kwanza, hata mkoba hajautua. Akatoka, akapanda njia ya Nkoaranga, na jioni akarudi na viatu vya tope mpaka vifundoni. Kila shamba alilopita lilikuwa vilevile. Mahali pamoja walikuwa wamepanda waridi katikati ya mraba. Kwingine walivipaka vigingi chokaa. Mama mmoja alimpa kuku kwa heshima ya ukaguzi, na alikuwa naye, amemkumbatia, kuku akiwa ndiye pekee kati yao aliyeonekana kuelewa kinachoendelea.

Akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mama akamletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwenye bakuli, akasimama mbele yake akisubiri kusifiwa.

"Bibi," binti akasema, bila hasira kabisa, "umenifagilia mwaka mzima."

Mama hakuelewa mpaka nilipomweleza kwa Kimeru, habari ya kipimo cha pili, na baba, na kaunta. Nilimwona akizeeka palepale. Akaweka bakuli chini, akakaa kando ya binti kwenye ngazi, jambo ambalo magoti yake hayamruhusu. Baadaye tulimnyanyua sisi wote.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Binti alishinda chumbani akiandika barua kwa msimamizi, akifuta na kuandika upya. Mama alisali kwa sauti iliyokusudiwa kupenya ukutani. Mke wangu akasema tumwache mtoto apumue. Mimi, ambaye kipaji changu pekee ni kukaa, nilikaa, na kwa kuwa kutoka kwenye kiti changu nauona mraba wa zizini, niliutazama. Manyunyu ya Juni yalikuwa yanashuka, yale ya baridi yasiyolowesha mtu mpaka ajue kwamba amelowa. Asubuhi moja nikaona kipara cha mama kimeanza kuota ndevu.

Nilimtania mama alipopita na ndoo. Nikamwambia alifagia bure, wenyewe wamesharudi.

Mlango wa chumba ukafunguka. "Wamerudi nani?" binti akauliza.

Nikasema majani. Akauliza majani gani. Nikasema majani ya kijani. Akanipita, akaenda akachuchumaa pale akiwa na khanga mabegani, na hakunyanyuka mpaka chai ikapoa. Kisha akaenda chini ya mringaringa. Kisha kando ya njia. Aliporudi macho yake yalikuwa mengine.

Nyuma ya zizi vilikuwa vinachipua mnavu na mchicha, kutoka mbegu zilizokuwa zimelala kwenye samadi. Kando ya njia kilikuwa kimetangulia kishona nguo, kilicholetwa na suruali za wapita njia, na nikasema hapo kwamba angalau kuna fundi mwenzangu anayetembea. Chini ya mringaringa, ambako ndege hukaa usiku kucha na kuacha wanachoacha, vilikuwa vimesimama vichipukizi vya miti ambayo haipo shambani kwetu kabisa. Kati ya mraba na mraba ningeweza kurusha kibonge cha uzi kikafika.

"Unajua kinachonishangaza?" binti akasema. "Mlima mzima umefagiwa siku moja, namna moja, kuanzia chini mpaka juu. Ningeomba watu wafanye hivyo kwa ajili ya masomo, wangenifukuza."

Mke wangu jioni ile alisema kwamba hilo analiona kila mara wachuuzi wakiondolewa pale Kwa Mrombo. Kesho yake wanarudi, lakini hawarudi walivyokuwa. Anayewahi ndiye anachukua kona, na wengine wanajipanga kumzunguka. Muuza nyanya akitangulia, muuza vitunguu atamfuata, ila muuza mitumba hatakaa hapo tena. Binti akasema ndivyo, na kuna ambao hawarudi kabisa, na hao pia inabidi awatafute walikokwenda. Akaichana ile barua ya kukata tamaa, akaanza nyingine. Swali lake la zamani lilikuwa nini kimebadilika. Jipya lilikuwa: pakishakuwa patupu, nani anafika kwanza, anatoka wapi, na jibu linabadilikaje ukitazama mita moja, shamba, au mlima. Ilibidi msimamizi na wenzake wakubali swali hilo. Wasipokubali, kaunta.

Wakati akisubiri wamwite, aliendelea kupima kana kwamba wameshakubali. Miraba ya nyumbani alinikabidhi mimi, kwa maelezo kwamba ndiye mtu pekee mlimani anayeweza kuaminiwa kuwepo. Nilianza vibaya. Siku moja nilimpigia simu nikiwa na furaha kubwa, nikamtangazia kwamba zizini kumeota kitu kisichojulikana, chenye shina nene na majani makubwa, huenda kipya duniani. Alipanda kutoka tambarare kwa bodaboda. Akakitazama, akanitazama mimi, akaniuliza mchana nilikula nini wiki iliyopita. Ilikuwa haragwe. Lilitoka kwenye makande yangu niliposuuza sahani dirishani. Mke wangu alilipeleka hilo sokoni, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wananiulizia hali ya mti wangu. Ila binti aliliandika. Alisema hata sahani ni njia ya kufika.

Mama naye hakupumzika. Aliwapitia wenye mashamba jirani, mmoja baada ya mwingine, kwa magoti yaleyale, kuwaambia kwamba safari hii anayefyeka ndani ya kamba ataonana na yeye. Waridi lile liling'olewa likahamishiwa mlangoni. Walioambiwa na mzee wa kanisa hawakusikia. Walioambiwa na mama walisikia.

Kidogo kidogo picha ilianza kuonekana, na binti alikuwa akitusimulia usiku ukiingia, wakati wa kula. Kila mraba peke yake ulikuwa masikini kuliko ulivyokuwa kabla ya panga. Hilo lilimwuma mama. Lakini masikini hao hawakufanana. Mmea uliopotea zizini kwetu ulikuwa umerudi kwa jirani chini ya migomba yake ya mshare. Uliopotea kwa jirani ulikuwa kwenye mpaka wa masale wa shamba la tatu, mahali jembe halifiki. Kule tambarare mvua ilikuwa imekatika na vilivyorudi ni vichache, vigumu, vya kushika ardhi. Juu, karibu na msitu, vilichelewa kwa sababu ya baridi. Ukikusanya mashamba yote pamoja, karibu vyote vilikuwa mahali fulani mlimani, vinasubiri upepo, ndege au suruali ya mtu. Mama akauliza, kwa hiyo hakuharibu? Binti akafikiri kabla ya kujibu. Akasema kama angefyeka mlima mzima, pamoja na mipaka na kingo za mto, hapo vingekosa pa kutoka. Kufyeka mita moja, mlima umeweza kuibeba. Nilipenda kwamba hakumdanganya.

Wito ulikuja ghafla: aende chuoni siku hiyohiyo ambayo miraba yote ilipaswa kutazamwa. Mashamba ya chini yalikuwa na watu aliowafundisha. Ya kwetu ninayo mimi. Yaliyo jirani mama aliyachukua. Uliobaki ulikuwa mraba wa juu kabisa, chini ya msitu, na wenye shamba lile walikuwa wamesafiri msibani. Mke wangu alikuwa na mzigo wa ndizi. Wote wakanitazama. Nikasema cherehani haina mtu. Mke wangu akasema cherehani haitakimbia, imenizoea.

Basi nikapanda. Njia ya Nkoaranga ni mwinuko unaomfanya mtu akumbuke kila kitu alichowahi kula. Wanawake wenye mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani walinipita wakinisalimia kwa upole unaopewa wagonjwa. Mzee mmoja aliyekuwa anashuka akaniuliza nani amefariki. Kwa mawazo yake hakuna jambo jingine ambalo lingenitoa nyumbani. Sehemu nyingine nilipumzika mara nyingi kuliko nilivyotembea. Lakini jinsi nilivyopanda ndivyo mambo yalivyobadilika pembeni, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na macho ya kuyaona. Migomba ikawa mifupi. Mibuni ikaisha. Majani niliyoyajua zizini yakapungua, yakaja mengine yenye manyoya, yakaja yanayotambaa kwenye mawe. Miti ya kule juu ilikuwa imevaa ndevu za kijani mpaka kwenye matawi. Nimeishi maisha yangu yote chini ya mlima huu nikidhani nimeuona kwa sababu nauona.

Mraba ulikuwa pembeni mwa shamba la viazi, ukungu umeukalia. Nilipiga magoti nikaanza kutazama, na simu yangu ya kitochi ikalia. Nilijua ni nani na anatoka wapi.

"Kaka, upo juu?"

Nikasema nipo, kama hali yangu inaweza kuitwa hivyo.

Kisha akasema wamekubali. Walimbana maswali mpaka akaona wanamkatalia, halafu msimamizi akauliza ni nani aliyeweza kufyeka mlima wote kwa siku moja, akamwambia ni akina bibi kwa sababu ya heshima ya mgeni, chumba kizima kikacheka, na baada ya kicheko maswali yakawa mengine. Amepewa muda mpaka mvua zijazo.

Nikamuuliza habari ya baba yake.

"Nimempigia yeye kabla yako. Ameniuliza navaa buti namba ngapi, za mvua."

Nilitazama chini. Ukungu ulikuwa umefunguka upande mmoja, na mabati ya Akheri yalionekana madogo kati ya migomba, hata sikuweza kujua letu ni lipi, wala baraza, wala kiti. Nilidhani ingenisumbua.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi ya kazini, "nisomee. Kuna nini ndani?"

Nikamwambia kuna vitu vinne nisivyovijua, na kimoja kidogo sana, majani mawili tu, mekundu kwa chini, kinatoka kwenye ufa wa jiwe.

"Usikiguse. Anza na hicho. Kina manyoya au hakina?"

Nikainama karibu zaidi, pua ikagusa udongo, nikatazama.